Jinsi ya Kupanga Pevingi Uani Zisizame Masika: Mwongozo Kamili kwa Wakazi wa Nyanda za Juu Kusini

Kila mvua zinapoanza kukata, mwezi wa nne hadi wa tano, wasomaji wa Mbeya, Iringa na Njombe hunijia na malalamiko yaleyale. Pevingi, vile vitofali vya zege vya kutandika uani, zimezama pale matairi yanapopita. Za pembeni zimeachana. Maji yanatuama mbele ya mlango. Halafu linafuata swali: ninunue za kiwanda gani zilizo imara zaidi?

Tatizo haliko huko. Pevingi nyingi zilizozama ni nzima kabisa. Ukizing'oa na kuzisugua unaweza kuzipanga tena. Kilichozama ni ardhi iliyo chini yake, na kilichoizamisha ni maji ambayo hakuna aliyeyaonyesha njia. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inaisha kabla hujashika pevingi hata moja. Kama bajeti inabana, punguza kwenye rangi na mitindo, au punguza eneo. Usipunguze chini.

Nitatumia mfano wa uwanja wa mita 5 kwa 8, yaani mita za mraba 40, wa kupita watu na gari dogo la nyumbani. Badilisha hesabu kulingana na uwanja wako.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Vya kununua:

- Pevingi zenye unene wa sentimita 6. Zinatosha kwa miguu, pikipiki na gari dogo. Kama Fuso la mchanga au la mahindi litaingia getini mara kwa mara, chukua za sentimita 8.
- Moramu, yaani udongo wa changarawe unaoshindilika, au kokoto zilizochanganyika na vumbi lake. Kwa mfano wetu agiza mita za ujazo 8. Zikishindiliwa zitabaki kama 6.
- Mchanga wa mtoni, mkali, kama mita za ujazo 2.
- Mchanga laini uliochekechwa na kukaushwa wa kujaza nafasi kati ya pevingi. Viroba kadhaa vinatosha.
- Mawe ya kingo, pamoja na saruji, mchanga na kokoto za kuyashikia.
- Vipande vya bomba la plastiki vya kupitishia nyaya na mabomba chini ya uwanja.

Vya kazi: sululu, beleshi, toroli, futi, vigingi, kamba ya manila, pima maji, mpira wa maji unaoonyesha ndani, nyundo ya mpira, rula ya alumini au ubao ulionyooka wa mita 2 hivi, mabomba mawili ya chuma ya inchi 1, ufagio wa chelewa, grinda yenye diski ya kukatia zege, miwani na barakoa. Na kompakta, mashine ya kushindilia. Hii hununui, unakodi, lakini iwekee fedha yake tangu siku ya kwanza, kwa sababu ndiyo inayofutwa kwenye bajeti kuliko kitu kingine chochote.

Idadi, na namna ya kuzijaribu pevingi

Pevingi za mstatili za sentimita 20 kwa 10 zinaingia 50 katika mita moja ya mraba. Kwa mita 40 ni 2,000. Ongeza asilimia 5 kwa ajili ya kukata na kuvunjika, upate 2,100. Za zigizagi idadi yake inategemea muundo wa kiwanda. Waombe wakupangie mita moja ya mraba palepale uhesabu mwenyewe.

Kumbuka uzito. Mita moja ya mraba ya pevingi za sentimita 6 ina karibu kilo 140, kwa hiyo mita 40 ni kama tani tano na nusu. Mwenye kirikuu anayekwambia atazileta zote kwa tripu moja, mwache apige kwanza hesabu ya springi zake.

Kiwandani, gonganisha mbili. Nzuri hulia kwa sauti kali, mbovu hutoa mlio mzito kama wa udongo. Kwangua uso kwa msumari: ukitoa unga mwingi, saruji ilikuwa kidogo au pevingi haikumwagiliwa vya kutosha. Uliza zilifyatuliwa lini. Bidhaa ya saruji inatakiwa kukaa na unyevu angalau siku 7, na nguvu yake hupimwa ikifikisha siku 28. Kwenye baridi ya Juni na Julai huku kwetu saruji hukomaa polepole zaidi, kwa hiyo pevingi za wiki moja zilizofyatuliwa Uyole au Makambako mwezi wa saba bado ni changa. Zilipie kama unataka, lakini ziache hukohuko zikomae.

Hatua ya 1: Chagua majira

Kwetu mvua ni msimu mmoja mrefu, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei. Fanya kazi hii kati ya Juni na Oktoba. Udongo uliolowa haushindiliki, unabonyea huku na kuinuka kule, na mchanga wa kujaza nafasi hauingii ukiwa mbichi.

Lakini kama bado una masika moja mbele yako, itumie. Mvua kubwa ikinyesha, chukua mwavuli utoke uangalie maji yanatokea wapi, yanapita wapi, yanasimama wapi. Piga picha. Hakuna kifaa kitakachokueleza habari za uwanja wako kuliko dakika hizo.

Hatua ya 2: Amua maji yaende wapi

Uso wa pevingi lazima uteremke kutoka kwenye nyumba kwa sentimita 2 kila mita. Kwenye uwanja wetu wenye upana wa mita 5, ukingo wa mbali unakuwa chini ya ukingo wa ukutani kwa sentimita 10. Kwa macho hutaiona tofauti hiyo, lakini maji yataiona.

Ukutani, uso wa pevingi ukae angalau sentimita 15 chini ya mstari wa dipisii, lile tabaka la ukutani linalozuia unyevu usipande. Ukiupandisha hadi ulingane na sakafu ya ndani ili kuondoa ngazi, unyevu utapanda ukutani na rangi itaanza kubabuka kwa ndani.

Namna ya kupima:

1. Weka alama ukutani mahali uso wa pevingi utakapofika.
2. Jaza maji kwenye mpira hadi viputo vyote vitoke. Kichwa kimoja kiweke kwenye alama, kingine kwenye kigingi cha upande wa mbali. Maji yakitulia, weka alama pale yalipofika. Hapo alama zote mbili ziko sawa.
3. Kwenye kigingi, shuka sentimita 10 kutoka kwenye alama hiyo. Huo ndio usawa wa uso wa pevingi upande wa mbali.
4. Funga kamba kutoka alama ya ukutani hadi hapo. Rudia kila baada ya mita 2 kwa urefu wote wa uwanja.

Kuhakikisha kona ni mraba, pima mita 3 upande mmoja na mita 4 upande wa pili; mshazari lazima usome mita 5 kamili. Usipofanya hivi, mstari wa mwisho wa pevingi utaishia na kipembe cha ajabu ambacho kila mgeni atakiona kabla hajakaribishwa.

Sasa fikiria gata. Paa lenye eneo la mita za mraba 100 likipigwa na mvua ya milimita 20 linamwaga lita 2,000. Maji hayo yote yakishukia sehemu moja juu ya pevingi, yatazoa mchanga wa kati na kuchimba shimo chini. Bomba la gata liingie kwenye simtanki, au lipitishwe chini ya pevingi hadi mtaroni. Usimwelekezee jirani. Wenye viwanja vya mteremko kama Forest ya Zamani au Itiji wanajua kesi hizo zinavyoishia kwa balozi.

Utajua umefaulu hivi: ukiwaza tu kwamba umemwaga ndoo ya maji uwanjani, unaweza kusema yatatokea wapi. Kama hujui, usichimbe bado.

Hatua ya 3: Chimba, na uujue udongo wako

Hesabu kina kwa kuanzia juu: pevingi sentimita 6, mchanga ulioshindiliwa 2.5, moramu iliyoshindiliwa 15. Jumla ni sentimita 24 hivi chini ya kamba. Kama ni njia ya miguu tu, moramu ya sentimita 10 inatosha. Ongeza upana wa sentimita 20 kila upande usio na ukuta, kwa ajili ya kingo.

Sehemu ya chini ya shimo nayo ifuate mteremko wa kamba. Wengi huchimba chini kukawa bapa, kisha wakatafuta mteremko kwa kuongeza mchanga upande mmoja. Upande wenye mchanga mnene ndio utakaozama kwanza.

Udongo wetu haufanani, na hapa ndipo miongozo ya Dar es Salaam inapotudanganya:

*Udongo wa volkano.* Upande wa Uyole, Tukuyu na maeneo yanayouzunguka Mlima Rungwe, udongo mweusi ni mwepesi, unafyonza maji mengi na una tabia ya kubonyea. Unastawisha viazi na migomba vizuri sana, lakini haubebi gari. Chimba sentimita 5 hadi 10 zaidi na ujazie moramu. Yale mawe mepesi ya volkano yanayoelea majini yasiingie kwenye tabaka la chini la njia ya gari, kwa sababu yanasagika.

*Udongo mwekundu.* Iringa na sehemu kubwa ya Njombe. Ukikauka ni mgumu, ukilowa unateleza. Unashindilika vizuri ukiwa na unyevu wa kiasi. Vina vya kawaida vinatosha.

*Udongo mweusi wa mbuga.* Ukiteremka kuelekea Usangu utakutana nao. Unavimba masika na kupasuka kiangazi. Hapa usihesabu sentimita. Uondoe wote kama unaweza, la sivyo mwite mtu wa ujenzi aje aone kabla hujatumia fedha.

Popote ulipo, toa udongo wenye mizizi, majani na taka zilizofukiwa. Kifusi cha nyumba kilichomwagwa zamani nacho kitoe. Ukikuta sehemu laini, chimba hadi ufike pagumu, jaza moramu, shindilia.

Kabla hujafukia, pitisha vipande vya bomba la plastiki mahali ambapo waya wa taa ya getini au bomba la maji litapita siku moja. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na kung'oa uwanja. Karo na chemba zijue zilipo: gari lisipite juu ya mfuniko wa karo ambao haukujengwa kubeba gari, na mifuniko ya chemba ipandishwe ilingane na uso mpya ili isifunikwe ikasahaulika.

Mparachichi ukiwa karibu, uachie nafasi ya udongo wazi kulizunguka shina, mita moja kila upande au zaidi. Mizizi yake inatembea juujuu. Itanyanyua pevingi, au wewe utaikata na mti ufe. Mkikosana na mama mwenye nyumba kwa ajili ya parachichi zake, mimi simo.

Mwisho wa hatua hii, pitisha kompakta kwenye udongo mtupu, mara tatu hadi nne.

Hatua ya 4: Moramu, kwa matabaka

Hatua hii ndiyo inayotenganisha uwanja wa kudumu na uwanja wa masika moja.

Usimwage sentimita 15 zote kwa mpigo. Kompakta ndogo haifiki chini. Utashindilia ngozi na kuacha nyama ikiwa laini. Mwaga tabaka ambalo likishindiliwa litabaki na sentimita 7 hadi 8, sawazisha kwa reki, shindilia, kisha mwaga la pili.

Unyevu ndio siri. Chukua moramu mkononi uifinye. Ikishikamana kama tonge bila kutoa maji, iko tayari. Ikisambaratika, nyunyiza maji kidogo kwa ndoo yenye matundu na uchanganye. Ikitoa maji kati ya vidole, isubiri ikauke. Kisha pitisha kompakta angalau mara nne kila tabaka: mbili kwa urefu, mbili kwa upana.

Hapa ndipo utakaposikia: "Bosi, tukimwagia maji tu tukaiacha siku mbili itajibana yenyewe." Haijibani. Maji yatashusha vumbi kidogo kati ya mawe, basi. Mjibu kwa upole, "Sawa fundi, maji tutamwaga, lakini na kompakta tunakodi." Na uikodi kweli.

Kishindilio cha mkono, kile cha kopo la rangi lililojazwa zege na kuchomekwa mti, kinafaa kwa njia ya miguu yenye upana wa mita moja. Kwa eneo la gari, hapana. Saidia atakaponyanyua kopo hilo tangu asubuhi, jioni mapigo yake yatakuwa nusu ya yale ya asubuhi, na gari lako litajua alichokea upande gani.

Usitumie kokoto tupu za saizi moja bila vumbi. Nafasi zilizo kati yake ni kubwa, na mchanga wa juu utateremka humo taratibu mvua zikinyesha. Unaweza kushindilia kwa siku nzima na bado uwanja ukazama, kisa ni hicho tu.

Na usitandike nailoni chini kwa kuogopa majani. Inazuia maji kushuka, na majani mengi ya kwenye pevingi huota kwa mbegu zinazoanguka kutoka juu. Ukipata jiotekstaili, kitambaa cha ujenzi kinachopitisha maji, hicho kitandike kati ya udongo na moramu. Kwa udongo wa volkano ni fedha iliyotumika vizuri.

Utajua umefaulu hivi: kanyaga kwa kisigino kwa nguvu, kisiache alama. Sukuma toroli iliyojaa, gurudumu lisichimbe. Weka rula ya mita 2 popote, sambamba na kamba. Mwanga unaopita chini yake usizidi sentimita 1. Bonde lolote ulijaze moramu sasa, usiseme mchanga utasaidia.

Hatua ya 5: Kingo

Pevingi hushikana kwa kubanana. Pasipo kitu cha kuzizuia pembezoni, kila tairi linalokanyaga linazisukuma nje kidogo, nafasi zinapanuka, mchanga unatoka, na uwanja wote unalegea kutokea ukingoni.

Weka mawe ya kingo kila upande usio na ukuta. Yakae juu ya zege bichi la unene wa sentimita 10, uwiano wa saruji 1, mchanga 3, kokoto 6. Kwa upande wa nje, pandisha zege hadi theluthi mbili ya kimo cha jiwe. Nyoosha kwa kamba na uyagonge kwa nyundo ya mpira.

Upande wa chini, ambako maji yanatokea, uso wa jiwe uwe chini ya uso wa pevingi kwa milimita chache, la sivyo umejenga bwawa.

Liache zege angalau siku 3 kabla ya kulisukuma kwa kompakta. Wakati wa baridi lipe wiki, na ulifunike usiku kwa viroba. Huko Makete, baridi inakofikia kuganda, zege bichi lisilofunikwa linaweza kuharibika usiku mmoja.

Hatua ya 6: Mchanga wa kulalia

Upime mchanga kabla haujashushwa garini. Jaza chupa ya plastiki nusu mchanga, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa, iache itulie kwa saa kadhaa. Tope litakaa juu ya mchanga. Tabaka lake likikaribia sehemu moja ya kumi ya mchanga, usiupokee. Tope ndilo linalogeuka uji chini ya pevingi.

Laza mabomba mawili ya inchi 1 juu ya moramu, umbali wa mita moja na nusu hivi. Kwa nje bomba la inchi 1 lina kama milimita 33, na hicho ndicho kina unachokitaka kabla ya kushindilia. Mwaga mchanga katikati, vuta rula juu ya mabomba hadi uso uwe laini. Toa mabomba, jaza mifereji iliyobaki kwa mwiko. Usiukanyage tena. Mbwa naye afungwe.

Tandika eneo utakalolipanga siku hiyohiyo tu. Mvua au umande mzito wa usiku utakuharibia kazi.

Je, kuchanganya saruji kwenye mchanga huu? Mafundi wengi hupenda, na mwenye nyumba husikia vizuri. Mimi sishauri. Saruji inafanya tabaka jembamba gumu linalopasuka ardhi ikicheza, na siku ukitaka kung'oa sehemu moja utazivunja pevingi. Tena mara nyingi inawekwa ili kufidia moramu ambayo haikushindiliwa.

Hatua ya 7: Kupanga

Anza kwenye mstari mmoja ulionyooka, ukingo wa chini ukiwezekana, na panda kuelekea nyumba. Simama juu ya pevingi ulizokwisha kupanga, mwenzako akikupitishia nyingine kwa nyuma.

Shusha kila pevingi wima, ikigusa ubavu wa mwenzake, kisha iachie. Usiiburuze, itasukuma mchanga kwenye nafasi na mstari utapinda. Usiigonge ishuke, hiyo ni kazi ya kompakta. Nafasi kati yake iwe milimita 2 hadi 5. Zikibanana kabisa mchanga hautaingia, na bila mchanga huo kila pevingi inakuwa peke yake.

Kwa njia ya gari, panga kwa mtindo wa kupishana kwa pembe, moja ikilala nyingine ikisimama, kama mishono ya ukili. Mtindo huo unazuia pevingi kusukumwa tairi linapofunga breki au kukata kona. Mistari iliyonyooka iache kwenye kibaraza na njia ya kuku.

Chukua pevingi kutoka mafungu matatu kwa zamu, kwa sababu kila mchanganyiko wa kiwandani hutoka na rangi yake. Na kila baada ya mita 2 vuta kamba uangalie kama mstari umenyooka. Umepinda? Sogeza kwa ncha ya mwiko sasa hivi, usisubiri umalize.

Uso wa pevingi kwa wakati huu uwe juu ya usawa unaoutaka kwa karibu sentimita 1. Zitashuka.

Hatua ya 8: Kukata

Maliza kwanza zote nzima, kisha kata za pembezoni kwa pamoja. Weka pevingi mahali pake, chora kwa chaki, kata kwa grinda ukimwagia maji. Vumbi la zege ni baya kwa mapafu, kwa hiyo barakoa na miwani si mapambo. Usitumie kipande kidogo kuliko theluthi moja ya pevingi. Geuza mpangilio wa mstari wa mwisho ili upate vipande viwili vikubwa. Na usizibe pengo kwa lipu, itatoka vipandevipande.

Hatua ya 9: Kushindilia na kujaza

Fagia uso uwe safi. Kijiwe kimoja chini ya kompakta kinavunja pevingi. Funga kipande cha zulia kuukuu chini ya sahani ya kompakta ili isikwangue rangi.

1. Pitisha kompakta mara mbili, kuanzia pembezoni kuingia katikati. Kama hujamaliza uwanja wote, simama mita moja kabla ya ukingo ulio wazi.
2. Angalia zilizovunjika, zitoe kwa bisibisi mbili, weka nzima.
3. Mwaga mchanga laini uliokauka kabisa. Kwa asubuhi zetu za ukungu, uanike juu ya turubai hadi saa tisa mchana. Ukiushika na ukashikamana, haujakauka.
4. Fagia kwa chelewa, kwa mshazari, hadi nafasi zijae. Pitisha kompakta. Mchanga utashuka, mwaga tena, fagia, shindilia. Endelea hadi usishuke zaidi.

Utajua umefaulu hivi: jaribu kung'oa pevingi moja kwa vidole, isicheze hata kidogo. Tembea juu yake huku ukisikiliza, isiwepo inayogonga. Mwaga ndoo mbili za maji karibu na ukuta uyafuate kwa macho hadi ukingo wa chini. Gari linaweza kuingia siku hiyohiyo, mradi zege la kingo limekomaa.

Kama tayari una jamvi la zege

Kwenye kibaraza au roshani huhitaji yote haya. Vipo vigae vya mbao au plastiki vyenye meno chini, vinavyobanana kwa kubonyeza. Vinataka jamvi gumu lenye mteremko, si udongo. Safisha, anzia kona inayoonekana zaidi, acha pengo la milimita 5 hadi 10 ukutani kwa sababu plastiki hutanuka juani, kata vya pembeni kwa msumeno. Usizibe tundu la kutolea maji. Vibandue mara moja kwa mwaka uoshe chini yake. Lakini jamvi likiwa linatuamisha maji, vigae vitayaficha tu. Rekebisha jamvi kwanza.

Hatua ya 10: Baada ya mvua za kwanza

Novemba au Desemba, baada ya mvua kubwa mbili au tatu, uwanja utakuonyesha ulipokosea. Mchanga wa kwenye nafasi utakuwa umeshuka. Subiri siku za jua, jaza tena. Ukipuuza, nafasi zitajaa vumbi na mbegu, na Februari utakuwa unapalilia.

Upande usiopata jua utaota ukijani unaoteleza, hasa Tukuyu ambako mvua haina mzaha. Sugua kwa brashi ngumu na maji ya sabuni. Ukitumia mashine ya maji ya kasi, elekeza bomba kwa ubavu. Ukielekeza kwenye nafasi utatoa mchanga wote.

Sehemu ikizama, usimwage mchanga juu. Ng'oa kuanzia pevingi moja katikati ya bonde, toa na zinazoizunguka hadi kupita ukingo wa bonde kwa mistari miwili. Kokoa mchanga wote. Angalia moramu: kama imelowa na inabonyea, kuna maji yanayoingia, na unatakiwa uyatafute kabla ya kufanya lolote. Mara nyingi ni bomba la gata, au koki inayovuja. Ziba chanzo, toa moramu iliyoharibika, weka mpya, shindilia kwa matabaka, rudisha mchanga, panga pevingi zilezile zikiwa juu kidogo ya nyingine, shindilia, jaza nafasi.

Na kama unamlipa fundi, mkubaliane kabla hajaanza kwamba sehemu ya fedha itabaki hadi mvua hizo zipite. Mwandikishane, kila mtu abaki na nakala yake.